Zamu za Krismasi Zimeniponza

Jumatatu, 3 Februari 2025

Barua imefika. Jimbo linakata ruzuku inayomlipia Tavion mlezi wa mchana, mwisho wa mwezi. Eti mshahara wangu umevuka kiwango! Mwanzoni mwa Januari walitaka slipu nne za mwisho za mshahara, nikapeleka — za Desemba. Wenzangu wawili pale nyumba ya wazee ninakofanya kazi walikuwa hoi kwa mafua, bosi akanibembeleza, nikabeba zamu zao. Basi wameuchukua mwezi ule mmoja wakaufanya mwaka mzima. Tajiri wa kwenye karatasi! Mwanangu ana miaka mitatu. Bila ruzuku hana pa kukaa nikiwa kazini, na bila kazi hatuna pa kulala.

Jumatano, 5 Februari

Nimepiga ofisi ya ruzuku, saa nzima nasikiliza muziki wa simu. Hatimaye binti mmoja, sauti ya upole. Anasema niombe upya — lakini orodha imefungwa, fungu la fedha limepunguzwa. Nikamuuliza, kwa hiyo ningewaacha wazee na nepi mbichi? Akasema, pole dada. Nimekata simu kwa hasira.

Ijumaa, 7 Februari

Bi Odessa, anayemlea Tavion na wenzake watano nyumbani kwake, kanipa kunde na mkate wa mahindi. Wanne kati ya hao sita wanalipiwa na jimbo. Wakiondoka, anafunga.

"Kula kwanza, utalia baadaye," kanambia. "Jumanne kamati ya bajeti ya bunge la jimbo inasikiliza watu. Dakika mbili kila mtu. Mimi nina watoto, wewe una mdomo. Nenda!"

Naogopa maikrofoni kuliko sindano. Nitakwenda.

Jumanne, 11 Februari — bungeni

Namba 43 kwenye foleni ya kusema. Nimekuja na Tavion. Basi limeondoka saa kumi na moja alfajiri, Bi Odessa hafungui kabla ya saa moja.

Mheshimiwa mmoja kamuuliza namba 39, baba wa mapacha: bibi yao hawezi kuwalea?

"Mama yangu yuko kazini, mheshimiwa. Ndiye anayepiga deki ukumbi huu."

Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Baada ya namba 41 — muda umekwisha! Waliobaki walete maoni kwa maandishi. Maandishi! Slipu zangu si maandishi? Nimekwenda nikakaa kiti cha wasemaji, penye maikrofoni, mtoto mapajani. Naandika hapa hapa mezani. Bosi ametuma ujumbe: zamu saa nane, uko wapi? Sijamjibu.

Askari wa ukumbi kainama. "Mama, kikao kimefungwa. Na huyu mtoto, saa hizi si angekuwa kwa mlezi wake?"

"Ndilo nililokuja kusema!"

Limetoka kwa sauti kubwa. Ukumbi mzima umegeuka. Sitoki. Taa ya maikrofoni bado inawaka, Tavion anaipuliza. Mwenyekiti alikuwa anavaa koti. Kasimama, anatutazama, mkono wa pili hajauingiza. Naweka kalamu, naanza kusema —