Mlinzi wa Mlango na Waliomo Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechokoza nyuki. Nimependekeza kwa wenzangu wa mradi tuufute msimbo wa kupekua. Programu yetu ni huria, haina mshahara wala shukrani. Inakaa mlangoni mwa mtandao na kuamua kipi kiingie, kipi kibaki nje. Basi! Lakini zamani mtu akaiongezea kazi ya kuzunguka ndani, kugonga kila simu na kila printa, na kuandika nani yupo na nani katoka. Ya nini? Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Kobe kapinga. Hatujawahi kuonana — picha yake mtandaoni ni kobe. Kasema mtu akitaka kujua nani yumo nyumbani kwake, kosa liko wapi? Nikamjibu mbele ya wote: anayetaka kujua na aulize kwa mdomo. Nimejipenda sana kwa jibu hilo.

Mlezi wa mradi hataki maneno matupu. Niuache msimbo ufanye kazi kwangu kwa wiki mbili, kisha nilete ushahidi kwamba haumsaidii mtu. Kisanduku cha majaribio, kinachoendesha programu hiyo, kipo nyumbani, juu ya kabati la viatu, nami nakisoma nikiwa ofisini. Kazi rahisi.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua ripoti nikitafuta upuuzi wa kucheka. Televisheni ya mama mkwe, tunayeishi naye: ipo kutwa. Printa: ipo, imelala. Bosi: yupo. Asubuhi hadi alasiri, siku zote za kazi.

Bosi ni simu ya mume wangu. Aliipa jina hilo alipofanywa mkuu wa ghala. Kila asubuhi hutoka kabla yangu, kafunga tai, viatu vinang'aa. Jioni nikirudi navikuta viatu nje ya mlango, kwa hiyo najua keshafika.

Hitilafu. Lazima ni hitilafu. Hata nimefurahi — sababu nyingine ya kuufuta.

Jumatano, 12 Machi

Nimeukagua msimbo kutwa nzima. Hauna kosa. Umeandikwa vizuri, inauma kukiri.

Jioni nimemuuliza mama mkwe kama kuna mtu alipita mchana. "Nani apite, mwanangu? Mimi na televisheni yangu tu." Kwenye beseni vikombe viwili. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mezani mume wangu kasimulia ya kazini. Mhasibu kagombana na dereva juu ya ufunguo wa ghala, mpaka meneja kaingilia. Kawaigiza wote kwa sauti zao. Nimecheka. Kweli nimecheka, alisimulia vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Kwenye foleni ya duka la dawa nimekutana na dereva wa kampuni yao, yule yule wa ufunguo. "Shemeji, poleni sana." Nikajibu tumeshapoa, bila kujua tumepoa na nini. Kasema ghala limefungwa tangu mwezi uliopita, wamepunguzwa wengi, yeye mwenyewe yumo. Nimwambie mzee asikate tamaa. Nikasema nitamwambia.

Nimerudi bila dawa.

Wanasema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mimi nalala humo!

Nimeumia. Si kwa kazi — kazi hupotea, mtu akatafuta nyingine. Nimeumia kwa ile tai. Kila asubuhi anaifunga mbele ya kioo, ananiuliza iko sawa? Na mimi naivuta kidogo kushoto.

Jumatatu, 17 Machi

Nilitaka kumuuliza asubuhi. Nimeshindwa. Nimwambie nimejuaje? Ningeweza kumsingizia dereva, ila nilijua kabla ya dereva. Nimeivuta tai kushoto kama kawaida.

Ofisini sikufanya kazi. Nimekaa namtazama Bosi. Yupo. Nimekwenda kuchukua chai, nimerudi: yupo. Kobe angenicheka mpaka gamba lipasuke.

Jumanne, 18 Machi

Mlezi kauliza: je, upekuzi umemsaidia mtu? Nikaandika: Hapana, nimejua nisichoambiwa na sasa sijui niseme vipi. Nikafuta. Ikabaki Hapana.

Wote wamekubali. Hata Kobe! Kasema hoja iliyomshinda ni moja tu: anayetaka kujua na aulize kwa mdomo. Kanirudishia maneno yangu mazima mazima.

Nimebofya. Msimbo umefutika. Kisha nikaweka toleo jipya kwenye kisanduku cha nyumbani pia. Kwenye skrini hakuna televisheni, hakuna printa, hakuna Bosi. Umebaki mlango tu.

Nimeomba ruhusa ofisini nikamwandikia mume wangu: natoka sasa hivi, nakuja nyumbani. Kajibu: Sawa. Basi. Akitaka kuondoka kabla sijafika, muda anao, njia nzima.

Naandika hapa kwenye ngazi, chini kidogo ya mlango wetu, daftari juu ya mkoba. Jirani kapita na ndoo, kaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nimemwambia ninao.

Viatu vyake viko nje ya mlango. Mchana kweupe. Kavipanga vizuri, pua zikitazama ukuta.

Nimepanda, daftari mkononi, nimepiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Televisheni imepunguzwa sauti. Namsikia mama mkwe: nenda ufungue wewe, mwanangu.