Kisahani Kilichoingia Kapuni

Dada Turkiya, shikamoo.

Sisi huku Ibra wazima, alhamdulillah. Nimeshatoka eda ya marehemu Baba Aflah. Wiam, mke wa Aflah, akasema nikapate upepo, akanichukua kambini kwao Al Mintirib, mchangani jangwani. Wametundika vikapu vya minyororo mitini, watu wanashindana kuvirushia visahani vya plastiki.

Nikarusha na baibui langu. Vya mwanzo vyote vikaanguka mchangani, wajukuu wakacheka, na mimi nikacheka. Kimoja kikaingia. Nikageuka nikasema, “Baba Aflah, umeona?”

Wiam akaja na kisahani, akanitia mkononi. “Tumeona, mama. Rusha na hiki.”

Mungu amlipe kheri mtoto yule. Nikarusha.

Mdogo wako akupendae,
Thuraya