Chupa ya Mwingereza kwenye matanga ya Emery

Tabia, mwenzangu! Nakuandikia nimejificha jikoni kwa Léocadie, mjane wa Emery.

Damien, mdogo wa marehemu, ameinua chupa mbele ya waombolezaji. Ile bia nyeusi ya Uingereza aliyopewa Emery na bosi wake. Emery alikunywa nusu usiku, asubuhi hakuamka. "Shemeji, ulimtilia nini kaka yangu?"

Eish! Mbele ya watu wote!

Unajua kwetu Bukavu: anayekupa kinywaji huonja kwanza, ionekane hakuna sumu. Léocadie akanyanyuka. Mama wa kwaya, hata divai ya harusini huirudisha! Akaigugumia ile nusu ya bia iliyobaki. Yote, Tabia, mpaka povu! Pasta akatazama dari kama anatafuta panapovuja.

Tukangoja aanguke. Damien akasogeza kiti chake, asije akaangukiwa.

Hakuanguka. Akajifuta mdomo. "Chungu kama dawa ya minyoo. Lakini si sumu, shemeji."

Damien akainama. Léocadie akakaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaninong'oneza: "Nilikuwa naomba iwe sumu, nimfuate Emery."

Njoo ulale nasi, Tabia. Peke yangu sitoshi kumlinda.