Moshi Ndani ya Mkebe Mpya

Kitengela,
Alhamisi jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kikohozi kimekuacha. Je, mvua imefika huko Kitui? Mimi na mwanangu Kioko tuko salama, ila moyo wangu haujatulia, na sababu ni maziwa.

Tangu tumzike mume wangu Mutua, ng'ombe wetu Syombua ndiye anayetulisha. Sasa serikali inataka kila anayeuza maziwa akaguliwe, apewe cheti. Ada ya ukaguzi unailipa kwanza, upite usipite. Mwenye hoteli anayenunua maziwa yangu aliniambia kwa upole kwamba bila cheti hatayachukua tena. Nikauza mbuzi, nikaenda Kajiado, nikalipa.

Walitaka mkebe wa alumini badala ya kibuyu. Nikanunua mpya, unang'aa. Mwaitu, asubuhi ya ukaguzi niliona aibu kumwonyesha mgeni chombo kisichoandaliwa. Nikachukua kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa mwituni, nikakizungusha ndani kikifuka moshi, kama tunavyofanya kibuyu. Ndivyo majirani Wamasai walivyomfundisha Mutua tulipohamia hapa. Akimaliza alikuwa anaingiza pua ndani, anafumba macho na kusema, "Hapa maziwa yatalala vizuri."

Mkaguzi, kijana mwenye koti jeupe, alipitisha kidole ndani ya mkebe, kikatoka cheusi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni moshi wa kusafisha, mwanangu. Si uchafu."

"Hata nyanya yangu hufanya hivyo, na kwake mimi hunywa. Lakini siwezi kuandika kwamba mkebe huu ni safi."

Akaandika nimeanguka. Anarudi kesho, na ada nimeilipa upya. Nilitoa karo ya Kioko, kwa hivyo yuko hapa nyumbani anakata nyasi. Jirani yangu Nalepo alinicheka, akasema serikali inataka maziwa ya ng'ombe asiye na mwenyewe. Halafu akakunja mikono ya nguo, akanisaidia kusugua.

Tumesugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji ya moto. Weusi umetoka. Harufu, sijui. Nalepo anasema haisikiki, lakini yeye amezaliwa ndani ya moshi huo. Mimi nikiinamia mkebe namsikia Mutua. Tangu aende nimekuwa nikifungua kibuyu chake hata kikiwa kitupu, kwa sababu hiyo tu. Na leo, Mwaitu, namwomba Mungu harufu hiyo itoke.

Nisalimie kaka Musyoka na mkewe, na shangazi anayetuombea kanisani. Mwambie asichoke.

Nikikataliwa tena nitalazimika kumuuza Syombua, na hapo sina la kunikalisha Kitengela. Utatuona tukija, mimi na Kioko. Watu wakikuuliza, tafadhali usiseme nimeshindwa. Sema uliniita.

Ni mimi binti yako,
Mwikali