Zamu ya Amna Ukutani

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Januari ulipotutoka, na nyumba ya Pearland, hapa kando ya Houston, bado inakuulizia. Mdalasini umewekwa wapi? Nani wa kuonja mchuzi na kusema bado? Jumamosi iliyopita tulikusomea khitma, watu wakajaa mpaka gereji, na majirani ambao hawakuelewa neno hata moja walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hiyo ni kazi yako. Uliwafunza wewe, taratibu, kwa sahani za viazi vya karai.

Tunakuandikia haya ili upate habari za Desemba. Tunajua ndizo unazozingoja.

Lakini wapo watakaosoma na hawakukujua, basi tuseme kidogo. Ulizaliwa Mombasa, mji wa kale, baba yako Mselem akiwa mtu wa Faza, kisiwani Pate. Ulikuja Houston mwaka 1991 pamoja na Baba, Nawal akiwa mwari na Ubeid bado anasumbuliwa na hesabu. Ulipata kazi hospitalini, ukisafisha vyombo vya upasuaji na kuua kila kijidudu. Ulizoea kusema kwamba daktari bila wewe ni mchinjaji tu mwenye shahada. Uliendesha gari polepole kwenye barabara kuu, malori yakikupigia honi nawe ukiyaombea dua. Siri ilikushinda kuitunza. Zawadi zote za Idi tulizijua wiki moja kabla.

Na ulikuwa mtu wa vita. Ulipigana na Baba maisha yako yote ya ndoa, na hakuna siku mliyolala mmenuniana.

Baba, Sufyan wako, wazee wake walitoka Oman. Wako wewe ni wa Faza. Mwaka 1696 merikebu za Oman zilifika Mombasa zikaizingira ngome ambayo Wareno waliijenga kulinda bandari na merikebu zao. Mzingiro ule ulikaribia miaka mitatu. Ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo watu wa Faza waliokuwa upande wao, na Waafrika wengine, wake kwa waume. Njaa ikaingia, tauni ikaingia, Wareno wakapukutika mpaka hapakuwa na mmoja wa kusimama. Ngome ikabaki mikononi mwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Faza, jamaa zake wachache, na wanawake hamsini hivi, ambao walikesha ukutani wakilinda. Walishikilia mpaka merikebu za msaada zikaja. Mzingiro ukaendelea hata hivyo, na Desemba 1698 ngome ikaanguka.

Basi wewe ulikuwa wa ndani, Baba wa nje. Jiko lilikuwa ngome yako. Baba hakuingia jikoni bila kubisha na kuuliza, "Je, kuna amani?" Nawe ukamjibu, "Amani ipo, vitunguu havijakatwa." Akaingia, akakata vitunguu, tena vibaya. Tulidhani nyumba zote ziko hivyo.

Mwaka 1998 mambo yalitoka nje ya jiko. Ngome ilikuwa inatimiza miaka mia tatu tangu ianguke, na Wakenya wa Texas walikuwa na sherehe ya Jamhuri katika ukumbi mmoja Grand Prairie. Baba akaombwa aeleze habari za mzingiro. Tulitoka Houston alfajiri, sufuria ya pilau imefungwa mkanda kiti cha nyuma kama abiria. Baba akapanda jukwaani, akawateremsha Waomani pwani, akawapandisha ukutani, akapigiwa makofi. Kisha sauti yako ikatoka nyuma kabisa. Ulikuwa umesimama na upawa mkononi.

"Na wanawake?"

"Wanawake gani, Mama Nawal?"

"Wa ukutani. Umewaruka. Rudi nyuma uwasalimie."

Ukumbi mzima ukacheka. Baba akakuna kichwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Basi njoo uwasalimie mwenyewe, ni jamaa zako." Ukaenda, na upawa wako. Ulisema majina ya wanawake wale hakuna aliyejishughulisha kuyaandika, na kwamba kama hawana majina, sisi tunao marehemu wenye majina, tunaweza kuwaazima.

Kesho yake, Jumapili, ukageuza sebule kuwa Mombasa.

Makochi yakapinduliwa yakawa ukuta. Jiko likawa nyuma ya ukuta, likilindwa. Baba na kikosi chake wakasimama upande wa mlango wa mbele. Kila aliyekuwa ukutani, hata mvulana, alipewa jina la mwanamke wa ukoo wetu aliyekwisha kufa, na Baba alipopaza sauti, "Nani yuko zamu?" kila mmoja alijibu kwa jina lile. Wewe mwenyewe uliitwa Mwanashee, jina la mama yako. Hukumwachia mtu. Otieno, mwenzako wa kazini, Mjaluo aliyekuja kwa ajili ya sambusa tu, akafanywa kapteni wa Wareno, na kazi ya kapteni ilikuwa kukohoa na kufa kwenye zulia mapema.

"Lakini Mama," alilalamika mwaka wa tatu wa mchezo, "kwani kila siku ni mimi tu nakufa? Si hata mwaka moja ni-survive?"

"Umeshazoea," ukamwambia. "Mgeni katika kifo atatuharibia."

Wajukuu walikusihi. "Bibi, can't we win just once?" Hukukubali hata mara moja.

"Tulishindwa," ukawaambia, "na hatuoni haya. Waulizeni waliotushinda walingojeshwa muda gani mlangoni."

Mwisho wake ulikuwa mmoja kila Desemba. Baba aliruka kochi, akihema, kila mwaka akihema zaidi, nawe ukamkabidhi mwiko na kumwambia, "Karibu ngomeni. Vua viatu." Mshindi akainama akavua viatu. Hapo ndipo pilau lilipopakuliwa, na si kabla.

Kisha ukaondoka, na Baba akaacha kuingia jikoni.

Aliihamisha birika akaiweka sebuleni, juu ya meza ya televisheni. Nawal, anayekaa mitaa miwili tu kutoka hapo, alikuwa akitoka zamu ya uuguzi anampelekea chakula, na Baba alikula kochini, mgongo wake umeelekea jiko. Leso yako nyekundu ilibaki kwenye msumari wake kando ya jokofu. Nawal aliiona kila siku na hakuthubutu kuigusa.

Mwezi wa Novemba akapata moyo.

"Baba, Desemba vipi?"

"Desemba nini?"

"Ngome."

"Ngome imeondokewa na mwenyewe," Baba akasema. "Nitapigana na nani, mwanangu? Mchezo umekwisha. Tuuache upumzike."

Nawal hakubishana. Sura ni yako, Mama, lakini ukaidi kaurithi kwa Baba, na mkaidi hana haja ya kubishana. Alijua jambo likirukwa mwaka mmoja, mwaka wa pili watu hulitafutia sababu, na mwaka wa tatu huwa halikuwapo. Watoto wake hawana Mombasa nyingine ila hiyo ya makochi. Badria, mkubwa wao, ameshaeleza darasani kwamba bibi yake aliwahi kuzingirwa ngomeni, mwalimu akapiga simu nyumbani kuuliza kama kuna tatizo.

Akaalika watu. Akapika pilau nyumbani kwake, akalileta. Akapindua makochi peke yake.

Kulikuwa na jambo moja alilolikwepa mpaka siku yenyewe. Kanuni ni yako: kila marehemu wa kike wa ukoo ana mahali pake ukutani. Basi mwaka huu lazima mtu asimame pale katikati na ajiite Amna. Kulisema jina lako vile, miongoni mwa waliokufa, mbele ya watoto, ndicho kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya kwa sauti. Hata makaburini tulisema "Mama" tu. Nawal alijipa kazi hiyo mwenyewe, akajiambia ni neno moja dogo, litatoka.

Ubeid alifika kutoka Garland na wanawe, akashika nafasi ya Baba upande wa nje. Otieno alikuja na mto wake wa kufia. Baba akawasalimu wote kwa adabu, akachukua kiti na gazeti, akaenda kukaa ua wa nyuma, akaipa nyumba kisogo.

Mchezo ukaanza. Otieno alikohoa vizuri, akafa. Ubeid akapaza sauti, "Nani yuko zamu?"

"Mwanashee!" akaitika Badria, anajikweza juu ya kochi.

Wakaitika wengine, Bi Zuhura, Bi Fatma Mzee, mpaka ikafika katikati. Nawal akafungua mdomo. Halikutoka.

"Nani yuko zamu?" Ubeid akauliza tena, safari hii polepole.

"Mom," Badria akanong'ona, "just say it."

Nawal alishika mgongo wa kochi kwa mikono miwili. Aliona watoto wanamtazama, akaona Otieno amefungua jicho moja, akaona wazi kwamba ameuvunja mchezo kwa mikono yake. Pengine Baba alikuwa na haki, pengine ungeachwa upumzike.

Ndipo mlango wa jikoni, ule wa uani, ukabishwa.

"Je, kuna amani?"

Ilikuwa sauti ya Baba. Tulitazamana. Neno lile ambalo halikutaka kumtoka Nawal likalipisha jingine.

"Amani ipo," akasema. "Vitunguu havijakatwa."

Baba akaingia jikoni. Tulimsikia akisimama kidogo. Kisha akatokea nyuma ya ukuta, leso yako nyekundu mabegani, mwiko mkononi, akajipenyeza katikati, kando ya bintiye.

"Mzee, hapana!" Otieno akasema kutoka zuliani. "Wewe ni wa nje!"

"Maiti hasemi," Baba akamjibu.

"Sasa nani anavamia?" Ubeid akauliza.

"Wewe. Na uvamie vizuri, usinitie aibu mbele ya watu wangu. Hebu uliza tena."

Ubeid alikohoa, na hakuwa na zamu ya kukohoa. "Nani yuko zamu?"

Baba akanyoosha mgongo. Alikuwa analia, wala hakujificha.

"Amna," akasema. "Amna yuko zamu."

Tulilia sote, Mama, wa ndani na wa nje. Uchungu tuliokuwa tumeubeba mwaka mzima, kila mtu na wake, ulitutoka pale sebuleni kwa pamoja. Badria peke yake hakulia. Alikuwa na shughuli.

"Babu, are we gonna win this time?"

"Sema Kiswahili."

"Babu, tuta-win?"

"Hapana, tulishindwa," Baba akamwambia. "Lakini kwanza watangoja."

Na wakangoja! Baba aliijua kila hila ya wa nje, maana alizitumia zote. Ubeid akija upande wa kulia anamkuta. Akituma watoto watambae, mwiko unapiga zulia mbele yao. Mara tatu waliruka ukuta na mara tatu walirudishwa, na kila waliporudishwa Baba aliinama kwa Nawal na kusema, "Kumbe hivi ndivyo walivyotuona. Mama yako alinichezea sana." Pilau lilipoa kabisa. Mwishowe marehemu kapteni wa Wareno akaketi kitako.

"Mimi hii historia yenu sijui," Otieno akasema, "lakini njaa naijua. Mzee, fungua."

Baba akamtazama Nawal. Nawal akaitikia kwa kichwa. Wakasukuma kochi pamoja, Baba akamkabidhi mwanawe mwiko, na maneno yako yakatoka kinywani mwake kana kwamba yamekaa humo miaka yote yakingoja.

"Karibuni ngomeni. Vueni viatu."

Tukavua. Hata maiti alivua.

Tangu siku ile Baba anaingia jikoni. Anabisha kwanza, anauliza, na kama hakuna mtu anajijibu mwenyewe. Birika imerudi mahali pake. Vitunguu bado anakata vibaya mno, vipande vikubwa kama vya kulishia ng'ombe, na tunakula bila kusema kitu.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama, akuandalie makazi mema kuliko haya uliyotuandalia.

Tunaokukumbuka ni mumeo Sufyan, aliyehamia ndani. Binti yako Nawal na mwanao Ubeid. Wajukuu zako, Badria akiwatangulia. Wenzako wa hospitalini na majirani wa Pearland wenye soksi safi. Na marehemu wako wa kila mwaka, Otieno, ambaye anaomba mwakani afe karibu zaidi na jiko.

Desemba itarudi, na nyingine baada yake. Watauliza kutoka upande wa mlango, nasi maisha yetu yote, na watoto wetu baada yetu, tutawajibu kwa sauti: Amna yuko zamu.