Saa ya Utulivu ya Kidato cha Mwisho

KAMATI YA TAALUMA: KIKAO CHA KUPANGA MASOMO YA KIDATO CHA MWISHO

Siku: Alhamisi, juma la pili la muhula
Mahali: Ofisi ya Mkuu wa Shule, baadaye kanisani, viti vya nyuma

Waliohudhuria: Mkuu wa Shule (Mwenyekiti), Mwalimu wa Fizikia, ambaye wanafunzi humwita Mizani naye anajua, Mchungaji wa shule, Mwakilishi wa Wazazi, ambaye ni fundi cherehani, na Mwalimu wa Kiswahili (Katibu)

Waliokosa: Mwalimu wa Muziki, kwa udhuru (sauti imemkauka, alituma ujumbe kwamba hata angekuja asingesikika). Mhazini, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/KT: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, saa isiyomfaa mtu yeyote aliyeshiba. Mchungaji aliomba. Maombi yalikuwa marefu, na pazia la ofisi lilikuwa likijaa upepo na kupungua polepole, hata Katibu akasahau kwa muda alikuwa wapi. Mwalimu wa Fizikia alisema "Amina" kabla ya wakati wake.

KUMB. NA. 2/KT: SAA ILIYOBAKI KWENYE RATIBA

Mwenyekiti alieleza kwamba masomo yote ya mwaka wa mwisho yamepangika, isipokuwa saa moja ya Alhamisi alasiri. Saa hiyo ni ya Mchungaji, na kwenye ratiba inaitwa Utulivu. Wanafunzi huingia kanisani, huvua viatu, hukaa au kujilaza wanavyotaka, naye huwapigia kinanda. Hakuna mtihani.

Mwalimu wa Fizikia alisema kwamba hana ugomvi na Mchungaji. Kisha alisema mengine mengi ambayo Katibu ameyafupisha hivi: kidato cha mwisho si mahali pa kulala, mtihani hauna huruma, na saa hiyo apewe yeye kwa mazoezi ya maabara. Mchungaji alijibu kwamba Mungu mwenyewe alipumzika.

"Alipumzika baada ya kumaliza silabasi, Mchungaji," alisema Mwalimu wa Fizikia.

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe waache kucheka, akiwamo yeye.

Mwakilishi wa Wazazi alisema kwamba anamuunga mkono Mwalimu wa Fizikia, na akaomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Yameandikwa: "Mkuu, sikuja kupinga dini. Binti yangu anataka uuguzi, na Fizikia imemkaba koo. Tangu tumzike baba yake mwaka jana hajalala usingizi wa maana. Kila nikimchungulia, ameketi kitandani, macho makavu. Basi kama halali, na asome. Mpeni Mwalimu hiyo saa."

Alisema hayo akiitazama mikono yake.

Ilikubaliwa kwamba wajumbe wakajionee somo lenyewe kabla ya kupiga kura, kwani haifai kuandikia mate na wino ungalipo.

KUMB. NA. 3/KT: UKAGUZI WA SOMO

Wajumbe waliingia kanisani wakaketi nyuma. Mwalimu wa Fizikia aligoma kuvua viatu, kisha akavua; soksi zake zilikuwa za kijani. Jua lilipita kwenye vioo vya rangi na kutandikika sakafuni, jekundu na samawati, juu ya wanafunzi waliojilaza huku na huku. Mchungaji alipiga kinanda, wimbo usio na haraka, ukienda na kurudi.

Kuanzia hapa Katibu hana maandishi ya kutegemewa. Anakumbuka kwamba sakafu ilikuwa maji ya kina kifupi, na wanafunzi wake wa miaka yote walikuwa wakipita juu yake bila kulowa. Marehemu bibi yake alikuwa mbele, akisahihisha insha na kumpa kila mtu alama nzuri. Mwenyekiti alieleza baadaye kwamba yeye alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, na hakuna aliyemdai ripoti. Mwalimu wa Fizikia ameshikilia kwamba alifumba macho ili afikiri. Hata hivyo Mwakilishi wa Wazazi, ambaye peke yake hakusinzia, ameshuhudia kwamba alimsikia akisema, "Kalamu chini, wanangu, kalamu chini," kwa upole ambao darasani hana.

Katibu anathibitisha kwamba akidi ilitimia muda wote, ila ilikuwa imelala.

KUMB. NA. 4/KT: MJADALA KUENDELEA, KWA KUNONG'ONA

Mwakilishi wa Wazazi aliwaamsha wajumbe mmoja mmoja kwa kuwagusa bega, kidole mdomoni. Aliwaonyesha zulia lililo karibu na kinanda. Binti yake alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Mama alikuwa ameshamfunika miguu kwa mtandio wake.

"Anakoroma," alinong'ona. "Baba yake alikuwa anakoroma hivyohivyo, namsukuma ubavuni ageuke."

Akalia bila sauti. Katibu haoni haya kuandika kwamba hakulia peke yake.

Mwalimu wa Fizikia alinong'ona kwamba hoja yake iko palepale, kwani hakuna aliyewahi kuingia chuo cha uuguzi kwa kukoroma.

"Ni kweli, Mwalimu wangu," alijibu Mwakilishi wa Wazazi. "Lakini nilichoomba kule ofisini nakifuta. Mimi nimeshindwa kumlaza mwaka mzima."

Kura zilipigwa kwa mikono. Waliotaka saa ibaki kwa Mchungaji walikuwa watatu, aliyekataa mmoja. Mchungaji hakupiga kura. Aliogopa kuacha kinanda.

KUMB. NA. 5/KT: KUFUNGA

Muda wa masomo ulikuwa umekwisha. Mwenyekiti alimkumbusha Mwalimu wa Fizikia kwamba ndiye mwalimu wa zamu, hivyo akagonge kengele ya kuwatoa wanafunzi wote. Alichukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kumtazama mtu. Mwakilishi wa Wazazi alijisogeza, akaweka viganja karibu na masikio ya binti yake.

Kengele haikulia. Katibu alipochungulia dirishani, alimwona Mwalimu wa Fizikia akipita mlango kwa mlango kwa soksi zake, nyundo ya kengele kwapani, akiwatoa watoto darasa baada ya darasa kwa ishara ya mkono. Shule nzima ilikwenda nyumbani kwa kunyata.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu, nje ya muda, binti alipofumbua macho na kuuliza, "Mama, ni saa ngapi?"

"Bado mapema, mwanangu," mama yake alijibu. "Lala."

Mwenyekiti: ..............................

Katibu: ..............................