Ni Mlango Tu Umetolewa

Majengo, Meru
Jumatano

Kwa ndugu yangu Nyaga, Baba Mukami,

Natumaini mko salama hapo Kianjokoma, na kwamba baridi ya mwezi huu haijamshika Mukami kifua kama mwaka jana. Yule ng'ombe mweusi amezaa? Na wifi yangu goti lake linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo si nzima, na sitajifanya iko sawa ili barua ipendeze.

Naandika kwa sababu simu uliikata. Nilipoanza kusema, mtandao ukapotea ghafla. Mtandao wa hapo kwetu una akili sana. Sasa barua haikatwi. Fundi Mbogo anayekuletea nimemwomba aketi hapo mpaka uimalize, kwa hiyo mpe chai na usome polepole.

Nikwambie kwanza yaliyonipata, maana siku ile hukutaka kuyasikia. Unaijua ploti ninayokaa, ile ya vyumba vya mabati nyuma ya msikiti, karibu na maduka ya nyama. Mzee aliyeijenga alikuwa mtu wa maneno machache. Mvua ikivuja anakuja mwenyewe na ngazi. Ukiwa na shida unamwambia, anakuna kichwa, anaenda. Alipofariki mwanawe akaishika, na huyo hajui hata jina la mpangaji mmoja. Alipandisha kodi. Kabla hatujaizoea akapandisha tena. Halafu akatuita akasema anataka kubomoa, ajenge ghorofa ya bedsita, vile vyumba vya mtu mmoja vyenye jiko na choo ndani, za wanafunzi na watu wa mishahara, kwa hiyo tutafute mahali. Tukamwomba atuache mpaka shule zifunguliwe, kwa sababu huu ndio wakati mimi nashona yunifomu usiku na mchana. Akakubali mbele ya watu wote. Tukamshukuru hata, wajinga sisi.

Jumatatu nilikuwa kwa cherehani pale barazani mwa duka, nguo ya mtoto wa watu iko nusu chini ya sindano, nikamwona Mama Halima anakuja mbio. Huyo ndiye jirani yangu wa mlango kwa mlango, mume wake anauza nyama, na sijawahi kumwona akikimbia. Aliniambia nije upesi, wanatoa milango.

Nyaga, nilifikiri sijasikia vizuri. Nilipofika nilikuta fundi amechuchumaa mbele ya chumba changu anafungua bawaba na bisibisi, taratibu, kama mtu aliyeitwa kuitengeneza. Milango mingine ilikuwa imeegemezwa kwa ukuta. Kitanda changu kinaonekana mpaka barabarani. Sufuria zangu, nguo zangu za ndani kwenye kamba, picha ya Mama ukutani, kila mpita njia anaangalia. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, alikuwa amesimama hapo kando, hawezi kunitazama usoni. Nikamuuliza kama nina deni lolote la kodi. Akasema sina. Nikamuuliza sasa nitalala wapi.

"Hapo hapo tu, mama," akasema. "Hakuna mtu amekufukuza. Ni mlango tu tumetoa."

Ni mlango tu. Nilitaka kumpiga na kiatu. Halafu nikaona hata yeye ametumwa, na kwamba aliyemtuma yuko mahali fulani anakunywa chai, milango yake yote iko mahali pake. Hivyo ndivyo wanavyofanya huku siku hizi. Hawakufukuzi, maana ukifukuzwa unaweza kwenda kwa chifu ukasema umefukuzwa. Wanachukua mlango, au mabati mawili ya paa, halafu wanangoja. Unaondoka mwenyewe, na wao wanasema mpangaji alihama kwa hiari.

Nilifunga leso mahali pa mlango na nikakaa ndani mpaka jua likashuka. Upepo ukipiga, leso inapanda, na mimi naonekana nimeketi kitandani nikishikilia mkoba. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa nimefanya kosa lolote. Mama Halima alikuja akabeba mto wangu bila kuniuliza, akasema twende kwake, mlango wao bado upo. Nalala huko na watoto wake mpaka leo.

Tangu hapo natafuta nyumba. Ukisikia watu wanasema nyumba hazitoshi Meru, usiamini. Ghorofa zimeota kila mahali, kuanzia mjini mpaka Makutano, zina vioo na vigae, na zimening'inizwa mabango ya kupangisha mpaka mabango yenyewe yamepauka kwa jua. Ni vyumba vya watu kama mimi ndivyo vinavyobomolewa kila wiki, na hakuna anayejenga vingine. Dalali anataka alipwe kabla hajakuonyesha hata choo. Mmoja aliniuliza nafanya kazi ofisi gani. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema landilodi hataki cherehani, inapiga kelele na inakula stima. Mwingine aliposikia natoka Embu aliniuliza kwa nini nisirudi kwetu, si huko kuna nafasi.

Watu wakasema niende Kianjai, huko ni nafuu. Nilienda jana. Ni kweli palikuwa na unafuu, mpaka sisi wa mjini tulipoanza kwenda wote. Mama wa hoteli ndogo pale sokoni aliniambia chumba anachokaa yeye kimepanda tangu watu wa Meru waanze kukiulizia kwa mwenye nyumba. Hakunisema kwa ubaya, lakini nilijua ananiambia mimi. Nilikunywa chai yake nikarudi. Kwa hiyo unaona inavyokwenda. Mimi nikifukuzwa hapa namsukuma yule, na yule akisukumwa sijui ataenda kumsukuma nani.

Sasa tuje kwako.

Jumatatu hiyo hiyo, mimi nimeketi nyuma ya leso, simu yangu ikalia. Nikafurahi kuona ni wewe. Nikasema, ndugu yangu amesikia. Kumbe umetuma picha. Milango ya vile vyumba vya Mama vya kupangisha imeegemezwa kwa ukuta wa stoo ya kahawa, na ule wa kijani wa chumba cha tatu uko mbele. Chini umeandika kwamba lami imefika, watu wa kazi wanatafuta nyumba, Kianjokoma itakuwa kama Meru, na kwamba tutajenga ghorofa.

Nilikupigia hapo hapo. Nilikuuliza Mama Muturi wa chumba hicho yuko wapi. Na wewe, mtu niliyezaliwa naye tumbo moja, ukanijibu hivi:

"Yuko hapo tu. Sijamfukuza. Ni mlango tu nimetoa."

Nilidhani ni yule keateka anaongea ndani ya simu yako. Mmesomea wapi haya maneno? Nilipoanza kukuambia, ndipo mtandao ukapotea.

Ngoja nikukumbushe Mama Muturi ni nani, kwa kuwa lami imekufanya usahau. Alitoka kule Mbeere mwaka wa ukame akiwa na mtoto mgongoni, akaja kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu, na Mama akampa chumba cha tatu. Mama alipolala kitandani kwa ule ugonjwa uliomwondoa, mimi nilikuwa Meru na wewe ulikuwa na shughuli zako, nani aliyemgeuza? Nani alifua zile shuka? Alikuwa anatoka chumba cha tatu kabla ya kwenda kuchuma chai, anamwosha, anampa uji, halafu jioni anarudi tena. Hakuwa anadaiwa na hakulipwa. Na ule mlango wa kijani si wa mwenye ploti yeyote. Mama aliukata kutoka kwa mti wake mwenyewe wa mukima, akamsimamia fundi mpaka ukanyooka, akaupaka rangi iliyobaki ya kanisa. Alisema mwanamke anayekaa peke yake apate mlango mzito.

Huo ndio mlango ulioufungua na bisibisi.

Nyaga, mimi sipingi ghorofa. Jenga, ukiweza. Lakini shamba bado liko kwa jina la Mama, na wewe unajua vizuri kwamba bila sahihi yangu huweki hata tofali. Sitaweka sahihi. Usimtume shangazi kunibembeleza na usilete mchungaji. Sahihi yangu itapatikana siku Mama Muturi atakapokuwa na chumba chake ndani ya hiyo nyumba mpya, kwa kodi anayoiweza mtu anayechuma majani chai, na mpaka siku hiyo anakaa chumba cha tatu akiwa amejifungia. Ukiona ni ngumu, basi kahawa iendelee kuzaa pale ilipo.

Na jambo moja zaidi linaniuma. Ulipopata binti ulimpa jina la Mama, kama inavyotakiwa kwetu. Ukimwita akimbie dukani unamwita "mama yangu", na watu wanacheka. Sasa huyo Mukami alikuwa nje anacheza ulipokuwa unafungua zile bawaba, maana namwona pembeni ya picha uliyonitumia, ameshika skrubu mkononi. Ulimwambia nini? Najua maswali yake. Ulimwambia kwamba hakuna mtu amefukuzwa?

Nimekasirika mpaka mkono unauma kuandika. Lakini ungekuwa mtu wa bure kwangu nisingepoteza karatasi.

Nisalimie wifi yangu, na umwambie sketi yake iko tayari. Nisalimie shangazi yetu aliyebaki, na mjomba wa kwenye mteremko, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Mukami mwambie namletea rinda, na aitunze ile skrubu, itahitajika.

Mama Muturi usimpelekee salamu zangu. Nitampa mwenyewe. Jumamosi nakuja nyumbani, na sitalala kwako, nitalala kwake chumba cha tatu. Nitafika mchana, nitasimama pale nje na mizigo yangu, nipige hodi.

Nikute kitu cha kugonga.

Dada yako,
Wawira, binti wa Mukami